Redio za muziki: tunafuata nyimbo au tunamfuata mtangazaji?

Wakuu, habari za jioni.

Kuna hoja inashika kasi kwamba watangazaji wa redio za muziki wanaongea mno, wapunguze maneno wapige ngoma, maana msikilizaji kafungulia redio apate muziki. Napinga.

Wimbo nikiutaka upo YouTube, upo Boomplay, naurudia nitakavyo. Redioni namfuata mtu. Angalieni Kenya: Fred Obachi Machoka na Roga Roga yake ya Jumamosi pale Radio Citizen, rhumba mwanzo mwisho. Hizo nyimbo za kina Franco na Tabu Ley wasikilizaji wake walishazikariri tangu ujana wao. Wanachotaka ni kuzisikiliza pamoja naye, wakijua na wenzao huko walipo wamefungulia. Na enzi za RTD, Redio Tanzania Dar es Salaam, je? Mtu ananunua kadi ya salamu, anaijaza majina ya jamaa zake kuanzia Kigoma hadi Lindi, halafu anatega sikio siku nenda rudi kungoja yasomwe. Wimbo ulikuwa wa kusindikizia tu.

Karibuni mnipinge.

*Mchangiaji wa kwanza:*
Mkuu, umesahau hela. Redio haili bando. Hata kitochi kinashika FM ukichomeka hedifoni. Fundi cherehani mikono yote iko kwenye kitambaa, hawezi kuchagua wimbo kila baada ya dakika tatu; anataka mtu amchagulie. Mtangazaji akianza umbea wa nusu saa, fundi anahamia masafa mengine. Nimeyaona hayo kila siku mtaani kwetu.

*Mchangiaji wa pili:*
Mimi siko upande wenu wote wawili. Redio ya muziki kazi yake ni kututambulisha kwa tusiowajua. Kabla ya sheria ya utangazaji ya 1993 iliyoruhusu redio binafsi, bendi nyingi zilirekodi RTD na tukazisikia RTD. Ikaja Radio One 1994, ikaja Clouds FM 1999, na vijana wa Bongo Fleva wakapata pa kusikika. Nani angemtafuta kwenye simu msanii ambaye hajawahi kumsikia? Kinachoniudhi leo ni kupigiwa nyimbo zilezile asubuhi, mchana na jioni. Stesheni ya hivyo inanipoteza, hata mtangazaji wake awe na sauti ya asali.

*Mleta mada:*
Wa pili, hapo kwenye kurudiarudia nakuunga mkono kabisa, ila na huyo msanii mgeni nilimpa nafasi kwa sababu mtangazaji ninayemwamini ndiye aliyemtambulisha.

Kwa wa kwanza: mafundi wengi siku hizi wana redio zenye tundu la flashi. Flashi imejaa mamia ya nyimbo, haidai bando, haina umbea, wala haihitaji kuchaguliwa kila dakika tatu. Bado ikifika saa ya kipindi chake fundi anaichomoa na kurudi stesheni. Hebu nieleze anarudi kufuata nini.