Mtoto ana UTI, kapewa dawa siku 7, siku ya nne kachangamka. Niache?

Mama K, Mafinga
Kamwene ndugu zangu. Binti yangu wa miaka mitatu alishikwa na homa Jumamosi usiku, mwili unachoma. Akienda haja ndogo analia huku amebana miguu. Kituo cha afya wakapima mkojo, wakasema UTI, wakampa antibayotiki ya maji asubuhi na jioni kwa siku 7. Leo siku ya nne, homa hakuna, anakimbiza kuku uani. Mama mkwe anasema inatosha, chupa niitunze, siku mdogo wake akiugua dawa ipo. Jirani naye wa kwake alipewa siku 10. Nishike lipi?

Nesi Mstaafu, Uyole
Pole kwa kuuguza, mwanangu. Mpe mpaka siku ya saba.

Kinachoamua siku ni homa. Mtoto anayelalamika mkojo kuuma tu, bila homa wala kutapika, mara nyingi shida iko kwenye kibofu. Uingereza akishapita miezi mitatu humpa siku 3. Ikiwepo homa tunahofia figo, hapo ni siku 7 hadi 10. Jirani yako hakudanganywa.

Marekani walilipima swali lako hilihili, majibu yakatoka 2023. Watoto 664, wote wameshapata nafuu kufikia siku ya tano. Nusu wakaendelea na dawa hadi siku ya kumi, nusu wakapewa maji yasiyo na dawa. Walioendelea, ugonjwa uliwasumbua 2 kati ya 328. Walioachishwa, 14 kati ya 336. Kwa hiyo wengi siku 5 ziliwatosha, sikatai. Lakini wale 14 nao wana mama zao, na wewe uko siku ya nne, hata hiyo ya tano hujafika.

Chupa usiitunze ili umpe mdogo wake. Dawa ya unga ikishatiwa maji ina siku zake, nyingi 7 hadi 14, soma kwenye boksi. Na huyo mdogo ana umri gani? Kama hajatimiza miezi mitatu, homa yoyote ni kumpeleka hospitali siku hiyohiyo.

Baba Wawili, Njombe
Mimi niliacha siku ya tatu, mtoto anacheza. Wiki mbili baadaye homa ileile, anatapika kila kitu. Safari hii wakaotesha mkojo maabara kuona ni wadudu gani, ndipo wakachagua dawa, tena wakampiga ultrasaundi kuangalia figo. Zilikuwa salama. Nilichojutia ni kwamba Juni ile ya baridi choo kiko nje, akawa anabana mkojo usiku kucha, maji hanywi, na choo kikubwa kinakaa siku nne. Siku hizi kuna ndoo chumbani, na uji anapata saa nne.

Nesi Mstaafu, Uyole
Baba, hilo la choo kigumu wengi hawalijui. Kinyesi kikijaa kinakandamiza kibofu, mkojo hauishi wote, wadudu wanabaki humo. Mama K, muulize binti yako na hilo. Homa ikirudi, usisubiri wiki, rudi na chupa ya dawa mkononi waone alikuwa anapewa nini.

Mama K, Mafinga
Asanteni sana. Mdogo ana miezi miwili na nusu. Mama mkwe nimemsomea yote, kanyamaza, kisha kaenda mwenyewe kuchukua kijiko cha dawa ya jioni.