Lori linachaji kupita kiasi: nibadilishe altaneta, katauti, au nifuate waya?

Mwenye_Lori (Malindi)
Salaam wakuu. Nina Isuzu kuukuu ya tani 7, volti 24, betri mbili za maji. Kazi yake ni kuteremsha chumvi kutoka Gongoni. Wiki mbili sasa betri zinachemka. Nikisimama pale daraja la Sabaki nikafungua sanduku, harufu ya mayai viza inanipiga puani, na maji niliyojaza Jumamosi, Jumatano hayapo. Balbu mbili za taa kubwa zimeungua ndani ya juma moja. Mita inasoma 31.4 nikikanyaga mafuta kidogo.

Katauti ya lori hili, yaani kile kidhibiti volti cha altaneta inayochaji betri, iko nje, imefungwa kwa skrubu kwenye ukuta wa kabini. Fundi wa kwanza anataka nitoe altaneta nifunge ya mtumba yenye katauti ndani. Wa pili anasema katauti mpya inatosha. Utingo wangu anasema ni waya. Yeye ndiye wa bei rahisi, kwa hiyo simwamini. Nina pesa ya njia moja tu.

Babu_Spana
Kijana, 31.4 si mchezo. Lori la volti 24 licheze kati ya 27.5 na 28.5, na kwa joto letu la pwani 27.8 yatosha. Mimi ningeweka altaneta ya katauti ya ndani nikalala. Waya chache, maradhi machache. Ukitaka kujua iliyopo ni nzima, washa injini, vua kichwa kimoja cha betri usikilize.

Binti_Sabaki
Shikamoo babu. Lakini hilo la kuvua kichwa cha betri injini ikiwaka, tafadhali mtu asilijaribu. Altaneta ikinyang'anywa betri ghafla volti zinaruka, na daiodi ndizo zinazokufa kwanza. Tena betri iliyokuwa ikichemka imejaa gesi. Cheche moja yatosha kukupasukia usoni.

Mimi nauza spea, na katauti ninazo. Nikikuuzia leo bila kupima, keshokutwa utanirudishia ukisema nayo ni mbovu. Nimeshayaona hayo.

Babu_Spana
Marahaba binti. Enzi za dainamo tulifanya na ikakubali. Haya, nimelirudisha neno langu.

Waya_Mwekundu
Utingo huyo msikilize. Katauti haina macho. Inazijua volti za betri kupitia waya mmoja wa kuhisi, na kwenye malori mengi ya umri huo waya huo unapita swichi ya ufunguo na sanduku la fyuzi kabla haujafika. Kila penye kutu panakula volti. Betri ikiwa na 31 lakini waya ukafikisha 28, katauti inaona mambo sawa na kuiacha altaneta iendelee kusukuma. Ukiweka mpya, nayo itadanganywa vilevile. Na lori lako linabeba chumvi, ndugu yangu. Unatarajia nini?

Pima hivi, injini ikienda mwendo wa wastani na taa zimewashwa. Ncha nyeusi ya mita iache kwenye hasi ya betri muda wote. Nyekundu iweke kwanza kwenye chanya ya betri, uandike. Kisha kwenye waya wa kuhisi pale katauti, bila kuuchomoa. Tofauti ikizidi nusu volti, ugonjwa ni wa njia. Mwisho iguse bati la katauti lenyewe: isizidi 0.2. Ikizidi, arthi imeoza, na hicho kinachopotea kwenye arthi kinajumlishwa kwenye uongo uleule.

Waya zikiwa safi na bado una 31, zima injini, chomoa plagi ya katauti, washa tena. Volti zikishuka hadi 25 hivi, katauti imekufa, kanunue. Zikiendelea kupanda, waya wa F (ule wa katauti kwenda altaneta) umegusana na chanya mahali fulani, au altaneta ina shoti ndani. Hapo ndipo maneno ya babu yanapoingia.

Gati_la_Mokowe
Wa Lamu mjini wana punda na mashua zao, mambo haya hawayajui, lakini sisi wa ng'ambo huku Mokowe malori tunayo. Nilifunga altaneta ya mtumba mwaka jana. Shikio halikukaa, likachomelewa. Puli haikulingana, mkanda ukalika upande mmoja. Inafanya kazi, sikatai, ila ile bei niliyoambiwa na ile niliyolipa ni ndugu wasiofanana.

Swali moja yakhe: betri zote mbili zinakunywa maji sawa? Na redio umeichukua umeme wapi?

Mwenye_Lori
Nimepima. Betri 31.4. Waya wa kuhisi 29.3. Bati la katauti 0.9.

Waya_Mwekundu
Toa sasa. 29.3 ukiondoa 0.9 inabaki 28.4. Hiyo ndiyo katauti inayoiona, na ndiyo inayotakiwa. Katauti yako ni nzima kabisa.

Mwenye_Lori
Nimefungua sanduku la fyuzi. Kikalio cha fyuzi kimeota kijani kama mwani wa ufukweni, na skrubu ya katauti ilitoka pamoja na unga wa kutu. Nimepiga msasa, nimebadilisha kikalio, nimevuta waya mpya wa arthi kutoka katauti hadi hasi ya betri. Sasa betri inasoma 28.6.

Waya_Mwekundu
Funga na rilei, ile swichi inayowashwa kwa umeme. Waya wa ufunguo uiamshe rilei tu, katauti ipate chanya moja kwa moja kutoka kwenye betri kupitia fyuzi yake.

Babu_Spana
Rilei ni kitu kingine cha kuota kutu. Kwa lori la chumvi mimi ningepaka girisi kwenye viungo na kuvifungua kila baada ya miezi mitatu.

Mwenye_Lori
Rilei nitafikiria. Gati, ulijuaje? Betri ya kulia ndiyo mlevi, na bado inachemka kidogo. Redio na chaji ya simu zinatoka kwenye ya kushoto, ili zipate volti 12.

Gati_la_Mokowe
Pima kila moja peke yake.

Mwenye_Lori
Kushoto 13.7. Kulia 14.9.

Gati_la_Mokowe
Ndiyo hiyo. Ya kushoto inanyonywa mchana kutwa kwa hiyo haijai. Ya kulia imeshajaa, lakini iko kwenye mstari mmoja na mwenzake, chaji inapita tu. Jumla ni 28.6, mita inakuambia mambo shwari, kumbe mmoja ana njaa na mwingine amevimbiwa.

Binti_Sabaki
Unahitaji konveta, kifaa cha kushusha volti, ya 24 kwenda 12, ichukue kutoka betri zote mbili. Na ile ya kulia ikishindwa kushika chaji, usiichanganye mpya na kuukuu. Nunua mbili, aina moja, siku moja.

Mwenye_Lori
Mbili nitazitafuta msimu ukiwa mzuri. Konveta mwisho wa mwezi. Kwa sasa redio nimeikata, na utingo hajanisemesha tangu Mambrui.