Nataka kuingia kwenye FPGA, laptop ni ya RAM 4GB na bajeti ni ndogo: nianzie wapi?

Chipukizi_Mbeya

Wakuu, heshima kwenu.

Niko mwaka wa tatu uhandisi wa umeme. C naiweza, Arduino nimeichezea vya kutosha, na mageti ya mantiki tumeyasoma darasani mpaka flip-flopu (kumbukumbu ya biti moja) na mashine za hali (saketi zinazohama kutoka hali moja hadi nyingine). Ndoto yangu ni kusanifu prosesa yangu mwenyewe, hata iwe ya biti 8 tu, na niione ikifanya kazi kwenye FPGA, yaani chipu ambayo saketi zake za ndani unazipanga mwenyewe.

Nimepakua Icarus Verilog, programu ya simulesheni ya saketi, nikaandika kitu kidogo cha kuwasha na kuzima taa. Niliandika kwa mtindo wa Arduino: washa, subiri, zima, subiri, na kusubiri kwenyewe nikatumia ile alama ya #. Kwenye simulesheni taa inawaka na kuzima vizuri kabisa. Nilipoipitisha kwenye programu ya sinthesisi, ile inayogeuza maandishi kuwa saketi halisi, ikapuuza kusubiri kote, na saketi iliyotoka ni waya mmoja uliofungwa kwenye sifuri. Hapo ndipo nimekwama.

Naomba mnisaidie: kwenye lugha za kuelezea saketi, nishike Verilog au VHDL? Ninunue bodi sasa hivi au nisubiri? Laptop yangu itahimili? Na je, kazi za hii fani zipo? Bajeti ya bodi haizidi laki moja na nusu.

Nawasilisha.

---

FundiSaketi

Karibu sana mkuu. Huo waya uliofungwa kwenye sifuri usiupite haraka, maana ukiuelewa umeelewa nusu ya fani.

Kwenye C kuna prosesa inayosoma mstari mmoja, ikimaliza inasoma unaofuata. Ndani ya FPGA hakuna anayesoma mistari yako. Kuna maelfu ya vijumba vidogo, na kila kijumba ni jedwali la ukweli lenye waya nne za kuingilia na biti 16 za kumbukumbu. Ukizijaza hizo biti 16 unavyotaka, umepata geti lolote la ingizo nne. Pembeni ya majedwali mengi kuna flip-flopu, na katikati yao kuna waya na swichi za kuviunganisha. Chipu ya kwanza ya namna hii sokoni, XC2064 ya Xilinx mwaka 1985, ilikuwa na vijumba 64. Tang Nano 9K, bodi ya bei nafuu, ina majedwali 8,640.

Sasa jiulize: kwenye vitu hivyo, kipi kinaweza "kusubiri"? Hakuna. Alama ya # ni maagizo kwa programu ya simulesheni peke yake. Kama unataka saketi isubiri, inabidi ujenge kitu cha kuhesabu muda kwa mikono yako. Kloki, yaani ishara ya mapigo inayoendesha saketi, kwenye Tang Nano 9K inapiga mara milioni 27 kwa sekunde. Taa ikae nusu sekunde, nusu sekunde izime, maana yake uhesabu mapigo 13,500,000. Biti 23 hazitoshi, zinaishia 8,388,607. Biti 24 zinafika 16,777,215, kwa hiyo unahitaji flip-flopu 24, saketi ya kujumlisha moja, saketi ya kulinganisha, na flip-flopu moja ya ziada inayoshika hali ya taa. Kihesabio kikifika mwisho, kinarudi sifuri na taa inageuka.

Chukua karatasi uichore hiyo saketi kwa kalamu kabla hujaandika herufi hata moja. Kisanduku hiki ni rejista (flip-flopu kadhaa kwa pamoja), hiki ni cha kujumlisha, waya huu unatoka hapa unarudi pale. Ukimaliza, Verilog yake haizidi mistari kumi na itakuwa inaelezea mchoro wako. Nawaambia vijana wote ninaowafundisha: usichoweza kuchora, usikiandike kwanza.

Na jihadhari na "for". Kwenye C mizunguko minane ni kazi moja inayorudiwa mara nane. Huku ni nakala nane za saketi zimepangwa kandokando, zote zinafanya kazi kwa wakati mmoja na zote zinakula nafasi kwenye chipu.

---

Mwana_wa_Likoni

Nimekubaliana na FundiSaketi juu ya karatasi. Ila mimi nasema kanunue bodi mapema, ndugu yangu, na nitakwambia kwa nini.

Andika saketi ya kuhesabu kila unapobonyeza kitufe, na kuonyesha hesabu kwa taa. Kwenye simulesheni utabonyeza mara moja, itahesabu moja, utafurahi. Iweke kwenye bodi: unabonyeza mara moja inaruka kutoka 0 hadi 5, ukibonyeza tena inaenda 12. Kitufe ni vyuma viwili vinavyogongana, na vikigongana vinadundadunda kwa muda wa milisekunde kadhaa kabla ya kutulia. Kwa kidole chako hiyo ni mara moja. Kwa kloki ya megahezi 27, milisekunde moja ni mapigo 27,000, kwa hiyo saketi inaona kila mdundo.

Halafu kuna jambo kubwa zaidi. Kidole chako hakijui kloki inapiga lini. Ishara ikibadilika wakati uleule flip-flopu inapoisoma, flip-flopu inaweza kuning'inia katikati, si sifuri wala moja, kwa muda usiotabirika. Dawa yake ni kuipitisha ishara yoyote ya nje kwenye flip-flopu mbili zilizofuatana kabla ya kuitumia popote. Ya kwanza ikiyumba, inapata mpigo mzima wa kutulia kabla ya ya pili kuisoma. Simulesheni ya kawaida haikuonyeshi hili hata ukeshe nayo.

---

FundiSaketi

Mwana_wa_Likoni, hoja ya kitufe ni kweli tupu. Ninachohofia ni kijana kuanza na bodi halafu kila kitu kisipofanya kazi anabaki anakodolea macho taa isiyowaka, hajui ndani kunatokea nini. Kwenye simulesheni unafungua GTKWave unaona kila waya, kila mpigo. Basi tuseme hivi: agiza bodi leo, na wakati iko njiani usiguse kitu kingine zaidi ya simulesheni.

---

BintiRuvuma_DE

Habari zenu. Mimi nafanya kazi hii Ujerumani, nisemee la lugha.

VHDL ilizaliwa kwenye mradi wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani, ikawa kiwango cha IEEE, chama cha kimataifa cha wahandisi wa umeme, mwaka 1987. Verilog ilianzia kwenye kampuni binafsi miaka hiyohiyo ya themanini, ikawa kiwango mwaka 1995, na leo imemezwa ndani ya SystemVerilog. Huku Ulaya VHDL bado ina nguvu, hasa kwenye anga, reli na vyombo vya utafiti. Marekani na Asia, na karibu dunia nzima ya watengeneza chipu, ni SystemVerilog.

VHDL ni kali. Ukiunganisha waya wa biti 8 na wa biti 4, inakukatalia hapohapo. Verilog inaunganisha kimyakimya na kukata biti za juu, kisha utatafuta kosa mpaka usiku. Kwa mtu anayejifunza peke yake ukali huo ni msaada. Hata hivyo kwako wewe, mdogo wangu, nakushauri ubaki na Verilog, kwa sababu moja tu: zana za bure na miradi ya wazi unayoweza kuisoma, zikiwemo prosesa nyingi za RISC-V (seti ya maagizo ya prosesa iliyo wazi kwa wote), ziko huko kwa wingi. Kazi ikikuhitaji VHDL utaivuka bila shida, kwa kuwa flip-flopu ni ileile.

Jambo la kushika tangu siku ya kwanza ni hili. Ndani ya bloku inayoamshwa na ukingo wa kloki, tumia <= na usitumie =. Tazama:

```
a <= b;
b <= a;
```

Hapa a na b zinabadilishana thamani. Kila mkono wa kulia unasomwa kwanza, kisha zote zinabadilika kwa pamoja, kama askari wa gwaride wanaogeuka kwa amri moja. Ukiandika kwa =, a inachukua thamani ya b, halafu b inachukua a mpya, yaani thamani yake mwenyewe, na thamani ya zamani ya a imepotea. Kwa saketi zisizo na kloki fanya kinyume: tumia =, na hakikisha kila tokeo limepewa thamani kwenye kila tawi la if na case. Ukiacha tawi moja wazi, programu italazimika kukumbuka thamani ya zamani, na itakuwekea lachi (kumbukumbu isiyofuata kloki) ambayo hukuiomba.

---

Chipukizi_Mbeya

Dada BintiRuvuma_DE, asante sana, hili la kubadilishana nimelijaribu sasa hivi kwenye simulesheni na nimeliona kwa macho. FundiSaketi, mchoro nimeuchora. Nimebaki na la laptop. Nimeona Vivado, programu ya kusanifu ya chipu za Xilinx, ni makumi ya gigabaiti, na bando la kuishusha hilo sina.

---

Kibaoni_Linux

Vivado achana nayo kwa sasa, na RAM 4GB itakutesa bure. Unazo njia nyepesi.

Icarus Verilog unayo tayari, ongeza GTKWave ya kuangalia mawimbi, zote ni ndogo na zinakimbia hata kwenye mashine ya zamani. Kwa sinthesisi tumia Yosys, na kwa kupanga saketi kwenye chipu tumia nextpnr. Njia hii ilifunguliwa na mradi wa IceStorm mwaka 2015, walipochambua muundo wa faili za chipu za iCE40 za kampuni ya Lattice mpaka ikawezekana kwenda kutoka Verilog hadi chipu kwa programu huria peke yake. Chipu za kampuni ya Gowin, kama iliyoko kwenye Tang Nano 9K, nazo zimefanyiwa hivyohivyo kupitia mradi wa Apicula. Bodi hiyo inaingia kwenye bajeti yako, ila uliza ushuru na gharama ya usafirishaji kabla hujalipa.

Kwa mazoezi nenda HDLBits. Unaandika Verilog kwenye kivinjari, inakusahihisha papo hapo na kukuonyesha mawimbi yako na yanayotakiwa. Ni bure. Anza waya na mageti, usiruke, fika mpaka mashine za hali.

Kidokezo cha simulesheni: usihesabu mapigo milioni 13 na nusu, faili ya mawimbi itajaza diski. Weka kikomo cha kihesabio kama parameta, kwenye testibenchi (kodi ya majaribio inayoilisha saketi ishara kwenye simulesheni) ipe 10, kwenye bodi ipe 13,500,000. Saketi ni ileile. Na bodi ikifika, kloki iko pini namba 52, taa ziko sita na zinawaka kwa sifuri, usije ukashangaa.

---

Mzee_wa_Mawimbi

Swali la ajira limeachwa, acha niliseme kwa ukweli. Kwa hapa nyumbani nafasi za FPGA tupu ni chache, na anayekwambia vinginevyo anakupotosha. Kazi zipo kwenye minara ya simu, rada, vifaa vya hospitali, biashara ya hisa ya kasi, na kwenye kampuni za chipu ambako watu wengi hawaandiki saketi, wanazihakiki. Kwa hiyo testibenchi usiione kama kazi ya pembeni. Mtu anayejua kuandika testibenchi inayojikagua yenyewe, inayolinganisha majibu na kupiga kelele ikikuta kosa, anatafutwa.

Karibu na sisi kuna astronomia ya redio. MeerKAT, darubini ya redio kule Karoo, Afrika Kusini, ilizinduliwa ikiwa na sahani 64, na ishara zake zilichakatwa na bodi za FPGA kabla ya kufika kwenye kompyuta za kawaida. Kenya ni miongoni mwa nchi za Afrika zilizojiunga kama washirika wa mradi mkubwa wa darubini ya redio wa SKA unaojengwa hukohuko na Australia. Vijana wa Afrika Mashariki wenye ujuzi huu wana mlango pale, na kwenye shahada za uzamili zinazoambatana nao.

---

Chipukizi_Mbeya

Wakuu, nimewapata. Kihesabio kimepita simulesheni kwa kikomo cha 10, na Yosys imenitolea flip-flopu 25, kama FundiSaketi alivyohesabu. Bodi nimeagiza. Ikifika na taa ikiwaka, kabla ya prosesa nijenge nini?

---

FundiSaketi

Jenga UART, saketi ya kuwasiliana na kompyuta kwa kutuma biti mojamoja kwenye waya, mtumaji kwanza, mpokeaji baadaye. Kwa kasi ya biti 115,200 kwa sekunde, gawanya 27,000,000 kwa hiyo utapata 234.375. Tumia 234. Kosa lake halifiki hata asilimia 0.2, na fremu (kifurushi cha baiti moja) ina biti kumi tu, kwa hiyo kompyuta itasoma bila tatizo. Upande wa mpokeaji, ukiona waya umeshuka sifuri subiri mapigo 117 ili usome katikati ya biti, kisha endelea kila 234. Na kumbuka zile flip-flopu mbili za Mwana_wa_Likoni kwenye waya wa kuingilia. Hapo utakuwa umegusa kihesabio, mashine ya hali, rejista ya kusogeza na ishara ya nje, ambavyo vyote utavihitaji kwenye prosesa yako. Bandika mchoro wako hapa kabla ya kuandika Verilog, nitaupitia.