MREJESHO: Mibofyo 1,140, mteja hata mmoja hakuna

Aksanti sana kwenu mlionijibu. Kwa ambao hamkuwepo: mwezi uliopita niliuliza kwa nini tangazo la mtandaoni la duka langu la vitenge, komini ya Kenya hapa Lubumbashi, limebofywa mara 1,140, limekula dola 85, na simu haikulia hata mara moja.

Yaya mmoja kati yenu aliniambia nifungue ripoti ya mahali tangazo lilipoonekana, siyo ile ya jumla. Tulikaa usiku na mke wangu, yeye akiandika kwenye daftari. Karibu mibofyo yote ilitoka kwenye programu mbili za simu: ya tochi, na mchezo wa watoto wa kupasua mapovu. Saa nane mpaka saa kumi usiku! Nani ananunua kitenge saa hizo? Tena waliondoka kabla sekunde moja haijaisha. Mwenye programu hulipwa kwa kila mbofyo, basi anaweka mashine ibofye, au anaficha alama ya kufunga ili kidole cha mtoto kiangukie tangazo.

Nimezifungia programu zote, nimebakiza wanaotafuta vitenge wakiwa Lubumbashi. Nililalamika kwa kampuni ya matangazo nikaambatanisha tarehe na saa. Wamerudisha dola 31, tena kama salio la kutangazia, siyo pesa mkononi. Imeniuma, ilikuwa pesa ya masomo ya watoto.

Wiki hii mibofyo ni 22 tu. Watatu wamepiga simu, na mama mmoja wa Katuba amechukua vitenge sita.