Yule muongoza watalii wa Posta ana dharau sana, leo kanifukuza kwenye sanamu ya Askari na hela yangu nimelipa

Wakuu salamu baadaye, nina hasira mpaka simu naishika vibaya.

Yule jamaa anayetembeza watu kwa miguu kuonyesha majengo ya zamani pale mjini Dar mnamjua wote, yule mwenye pama na kipaza sauti cha kiunoni hata kama anaongea na watu wanne, jina sitaji. Leo kaniambia "dada hebu sogea huko, wageni wanapiga picha". Mimi! Nimelipa sawa na hao wageni tena nimelipa wa kwanza, naambiwa sogea huko!

Tumeanzia Boma la Kale, jengo la Sultani Majid la miaka ya 1860, kuta za mawe ya matumbawe, mlango wa nakshi, yeye anasema nyumba ya zamani hii twendeni. Twendeni wapi sasa? Tukapita St. Joseph, tukafika Azania Front, lile kanisa la Wajerumani lililokamilika 1902. Jamani pale simameni chini muangalie juu, madirisha yana vijipaa vyake vya vigae vyekundu, mimi napita pale toka nasoma sijawahi kuviona na leo aliyenionyesha ni mlinzi wa getini, siyo huyo mwenye kipaza sauti, yeye alikuwa bize kuwauliza wazungu mchana watakula wapi.

Sasa tumefika Askari pale Samora, akaanza fiksi kwamba sanamu ile waliiweka Wajerumani. Nikamwambia kaka samahani, ya Wajerumani ilikuwa ya gavana wao Wissmann, Mwingereza alipouteka mji 1916 ikang'olewa ikaishia Hamburg, hii ya Askari imewekwa 1927. Kwa adabu kabisa, na samahani nimesema! Kanyamaza. Nikainama nisome maandishi pale chini, yale yanayosema wachukuzi walikuwa miguu na mikono ya jeshi, ndiyo nasikia nyuma yangu "dada hebu sogea huko". Na mkono anaupunga utadhani anafukuza kuku waliovamia mtama.

Maandishi yapo kwa Kiswahili wakuu! Kiingereza, Kiarabu na KISWAHILI. Waliandikiwa wageni? Baba yake babu yangu alichukuliwa kubeba mizigo vita ile ya kwanza ya dunia hakurudi na kaburi hatulijui, wachukuzi waliokufa kwa njaa na kuhara ni maelfu kwa maelfu, leo kitukuu chake anaziba picha! Sogea huko!

Hasira niliyonayo ukiitia kwenye mwendokasi inafika Kimara bila mafuta. Hela sitaki kurudishiwa. Nataka aniombe radhi palepale kwenye Askari, na kipaza sauti chake awashe.

Mzee wa Kisutu: Pole sana binti yangu. Huyo namfahamu, Mtaa wa India alituambia zile nyumba za Wahindi zenye duka chini na roshani juu ni za Mreno. MRENO! Marehemu baba kapanga mle miaka yote.

Ngosha Mjini: Naweka kiti hapa.

Tabu Tupu: Yaani umetoa hela kwenda kuangalia Posta? Mimi naiona kila siku kwenye dirisha la daladala.

Mleta uzi: Tabu Tupu soma uzi. KANIAMBIA SOGEA HUKO.

Jicho la Tatu: Tuwe wakweli, si ulikuwa unaziba? Weka picha tuone uliziba kiasi gani.

Mleta uzi: Nilikuwa nasoma! Kusoma siku hizi ni kuziba?

Mzaliwa wa Malindi: Hiyo cha mtoto. Njooni Mji Mkongwe, mie nimezaliwa hapahapa Unguja, papasi, hawa wanaowinda watalii, kanifuata Forodhani ananiuliza kwa Kiingereza natoka nchi gani na nimevaa kanzu.

Ngosha Mjini: 😂😂😂

Fundi Saruji: Mnalilia kusogezwa wakati majengo yenyewe yanaisha. Lile jengo la zamani la Salamander pale Samora liko wapi? Hoteli ya Kaiserhof ya Mjerumani iko wapi? Leo ni New Africa, ghorofa la vioo. Mnagombana na muongozaji, miaka kumi ijayo atawaonyesha nini?

Jicho la Tatu: Bora vioo kuna AC. Ya zamani yanavuja.

Fundi Saruji: AC ya nini na zile kuta nene na madari marefu? Na hayavuji, hayakarabatiwi. Vitu viwili tofauti hivyo mkuu.

Mama Kulwa: Tukiongelea Samora, wale wa maegesho mnawaonaje? Nimeshuka kununua dawa tu narudi gari limefungwa mnyororo.

Tabu Tupu: Mama Kulwa hapo umegusa. Hao ndiyo wa kufunguliwa uzi.

Mleta uzi: Jamani tusitoke kwenye mada.

Mama Kulwa: Mnyororo! Na mtoto anaumwa ndani ya gari!

Mzee wa Kisutu: Wanaotembelea Kisutu, yule wa juisi ya miwa wa pale kona kahamia wapi?

Ngosha Mjini: Kasogea mtaa wa nyuma mzee. Glasi imepanda mpaka buku mbili, na nusu ni barafu.