Tasnifu za vyuo vikuu: ziwe wazi kwa kila mtu, au zibaki maktaba?

Mwanamwalo (Kigoma), mleta mada:
Wakuu, salaam. Nasema tasnifu yoyote inayohusu Ziwa Tanganyika, ya uzamili au ya uzamivu, iwekwe mtandaoni isomwe bure na yeyote mwenye simu, bila kumwomba mtu kibali.

Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi, Mei 15 hadi Agosti 15, kwa makubaliano ya nchi zote nne zinazolizunguka. Sipingi ziwa kupumzishwa. Lakini hapa Kibirizi, mwalo wetu wa kushushia samaki, swali lilikuwa moja: dagaa wanazaliana lini hasa, na kwa nini miezi hiyo? Wanafunzi wanaokuja kutuhoji kila msimu ndio wenye majibu ya maswali kama hayo. Wanakuja na madodoso, wanapima dagaa mmoja mmoja kwa rula juu ya sahani, wanamsimamisha mama anayeanika wamuulize bei ya ndoo huku jua linampita. Wakishaondoka, basi. Kazi inalala kwenye rafu Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli.

Mwaka 2003 jarida la Nature lilitoa utafiti uliokadiria kuwa ongezeko la joto huenda limepunguza uzalishaji wa ziwa letu kwa asilimia 20 hivi, maana yake samaki kupungua kwa kama asilimia 30. Nani alituambia mwaloni? Tuliendelea kulaumiana nyavu.

Kalamu Nyekundu:
Mleta mada, mimi nasimamia wanafunzi, nitakujibu bila kuzunguka. Kijana anahangaika miaka mitatu, anaweka kazi wazi leo, kesho mtu ameinyofoa sura ya nne na kuifanya makala yake. Pia wapo wachapishaji wanaosita kupokea kitabu ambacho matini yake tayari yako mtandaoni. Na kuna jambo hatulisemi hadharani: tasnifu nyingine zilipita kwa huruma ya kamati. Unataka mvuvi apange maisha yake kwa hizo?

Mkutubi wa Tabora:
Mwalimu, shikamoo. Kwa heshima zote, hilo la wizi liko kinyume. Kinachoibwa kwa raha ni kile kilichofungiwa. Tasnifu ya tumbaku ya Urambo ikikaa kwenye rafu peke yake, mtu anabadilisha Urambo kuwa Sikonge, anaongeza mwaka, anahitimu. Programu za kukagua ufanano zinalinganisha na kile zinachoweza kukifikia, isiyoonekana hainaswi. Ikiwa mtandaoni ina tarehe na jina la mwenyewe, na Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inamlinda vilevile. Kuweka wazi si kugawa hakimiliki.

Halafu tusichanganye mambo mawili. Makala ya jarida ni biashara nyingine: Nature walipoanza kuruhusu makala huria, yaani za kusomwa bure, mwaka 2021 walimtoza mwandishi euro 9,500 kwa makala moja. Tasnifu haina mchapishaji wa kulipwa. DSpace, programu ambayo vyuo vingi huitumia kuhifadhi kazi hizi, ni ya bure tangu 2002. Chuo Kikuu Huria na Sokoine tayari wana hifadhi unazoweza kuzifungua sasa hivi. Mwenye kitabu njiani apewe zuio la mwaka mmoja au miwili, likiisha ifunguke.

Kuhusu kazi dhaifu: ikijulikana itasomwa na watu wa mwaloni, kamati itapunguza huruma.

Binti Kasulu:
Nyote mnabishana juu ya mwandishi. Wanaohojiwa je? Nimewahi kuwa mkalimani wa watafiti kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Mtu anasimulia alivyokimbia, nani aliuawa, aliyeua alikuwa jirani gani. Kwenye tasnifu wanaandika "mhojiwa wa kike, miaka 41, mshonaji, kanda fulani". Jina limefichwa, sawa, lakini kanda hiyo ina washonaji wangapi wa umri huo? Aliyekubali kuhojiwa alidhani anamsaidia mwanafunzi apate cheti, hakudhani binamu yake aliyeko ng'ambo ya mpaka atasoma.

Na kwako wewe, kaka Mwanamwalo: wale waliokiri kwa mwanafunzi kwamba wanavua kwa kokoro, wavu uliopigwa marufuku, wametajwa kijiji na umri. Ukiifungua tasnifu hiyo, wa kwanza kuisoma ni doria.

Mwanamwalo:
Dada, hii ndiyo hoja nzito kuliko zote hapa, hiyo ya wizi naiona ya kawaida tu. Basi nirekebishe: matokeo, takwimu za samaki na mapendekezo viwe wazi, nukuu za wahojiwa walio hatarini zikaguliwe kabla, na maelezo ghafi yafungwe. Fomu ya ridhaa nayo iseme kwa Kiswahili kwamba kazi itasomwa na dunia nzima. Atakayekataa akatae akijua. Ila siri ya mtu mmoja isiwe kisingizio cha kufungia kurasa 120 za joto la maji na urefu wa migebuka.

Mzee wa Ujiji:
Wajukuu, mmeandika sana. Hiyo tasnifu ni ya Kiingereza au sivyo? Sasa ikifunguliwa, imefunguliwa kwa nani?

Mkutubi wa Tabora:
Mzee wetu amepiga penyewe. Chuo hakipokei nakala ya mwisho bila jalada gumu. Kiongeze sharti: ukurasa mmoja wa Kiswahili, umeandikwa na mwanafunzi mwenyewe, unakaa mbele ya kazi mtandaoni na nakala moja inapelekwa ofisi ya kijiji au mwalo alikofanyia utafiti.

Kalamu Nyekundu:
Ukurasa huo nausaini hata leo. Lakini zuio liwe miaka mitatu, si miwili, na mwandishi ndiye aombe, si chuo kimpangie.

Binti Kasulu:
Na fomu za zamani? Waliosaini mwaka 2010 hawakuulizwa. Hizo nazo mnazifungua?