Umri umeenda, pumzi inakata na ugonjwa haujapata jina: tupeane uzoefu, watu wa Kigoma na Tabora

Mwalimu Mstaafu, Kigoma Mjini

Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Nina miaka 67, nimestaafu ualimu, naishi Mwanga. Muda mrefu sasa nikipandisha kutoka Kibirizi lazima nisimame njiani, nijifanye nasalimia watu, kumbe natafuta hewa. Kifua hakiumi, ila hewa haitoshi. Asubuhi nakohoa makohozi meupe, mchana natulia, usiku wa manane kifua kinaanza kupiga mluzi. Sigara sijawahi kuvuta.

Nimetibiwa nimonia, nimetibiwa mzio, makohozi yamepimwa TB yakatoka safi. Kila dawa inanipa nafuu kidogo, halafu tunarudi pale pale. Neno ninaloambiwa sana ni "mzee, umri huo". Hilo silikubali. Hapa Kigoma wapo wazee kunizidi wanaopanda vilima hivi na mzigo kichwani. Uzee unapunguza mwendo, lakini haumwamshi mtu saa nane usiku akitafuta dirisha.

Nawaomba wenye hali hii, au wenye mzazi mwenye hali hii, mtueleze ilianzaje, mnaishi nayo vipi, na waliopata jina la ugonjwa walilipataje. Majina ya hospitali zilizotuangusha tuyaache. Tuseme kilichosaidia.

Binti wa Urambo

Shikamoo mwalimu. Mama yangu ana miaka 71 na maisha yake yote ni tumbaku. Waliokulia huku wanajua mabani ya kukaushia tumbaku: ukishapakia majani, moto hauzimwi usiku wala mchana mpaka yakauke, na mtu anakesha mdomoni mwa tanuru akichochea kuni. Mama alikesha sana, mara nyingi na mtoto mgongoni. Yakishakauka kuna kupanga madaraja, mnakaa chumba kimefungwa ili majani yasipoteze unyevu, na lile vumbi lake linawasha pua mpaka unatokwa machozi. Ukitoka hapo unaingia jikoni, kuni tena.

Kila tukienda hospitali anaulizwa, "Bibi, unavuta sigara?" Anajibu hapana, swali linaishia hapo. Hakuna aliyeuliza kuhusu moshi wa kuni, na yeye mwenyewe hahesabu moshi kama kitu cha kumwambia daktari. Safari hii nilisema mimi: huyu mama amekula moshi miaka arobaini. Daktari aliweka kalamu chini akaanza kuuliza upya. Jina bado hatujapewa, tunasubiri rufaa, lakini angalau sasa wanatafuta mahali panapoeleweka.

Nyumbani tumemtoa jikoni kabisa. Alinuna, maana kwake jiko ni heshima. Sasa anakaa uani anaelekeza, wajukuu wanapika. Akibanwa anaketi, anainama mbele viwiko juu ya magoti, anavuta hewa kwa pua na kuitoa polepole kwa midomo iliyobanwa kama anayepoza uji. Muuguzi mmoja ndiye aliyemfundisha. Haimponyi, ila hofu inashuka, na hofu ikishuka hata pumzi inarudi upesi.

Mtu wa Ujiji

Mwalimu, pole sana. Kwa marehemu baba tuliamini ni pumu ya uzeeni. Alikuwa na pampu ya kuvuta dawa kifuani, anapuliza, haoni tofauti. Nilichogundua mimi ni kwenye swala. Kusimama anaweza, rukuu kwa shida, ila akienda sujudu pumzi inakata, anainuka kabla ya imamu. Akaanza kuswali kwenye kiti. Tukasema ni magoti. Halafu mito ikaongezeka kitandani, mmoja, miwili, mwisho akawa analala ameegemea ukuta. Jioni viatu havimwingii, ukibonyeza mguu kidole kinaacha shimo.

Daktari kijana ndiye aliyeuliza maswali hayo yote kwa pamoja: mito, miguu, kuinama. Akampeleka kwenye eko, kipimo cha kuangalia moyo kwa mawimbi ya sauti. Moyo ulikuwa umetanuka kwa presha ya miaka mingi isiyotibiwa sawasawa, maji yanarudi kwenye mapafu. Akapewa dawa ya kukojoza na za moyo, chumvi ikapunguzwa, dagaa wa chumvi akaagana nao kwa uchungu. Alirudi kuswali kwa kusujudu, na alituishia miaka kadhaa ya amani. Kwa hiyo mwalimu, usiangalie kifua peke yake. Angalia na miguu yako jioni.

Mkulima, Kasulu

Mimi niliugua TB zamani, nikamaliza dozi ya miezi sita, nikapona. Pumzi haikurudi kama ya mwanzo. Kila nikipigwa picha ya kifua wanaona doa, wanataka kunianzishia TB upya. Makohozi yakipimwa kwa GeneXpert, ile mashine ya kutafuta vimelea vya TB, hayana kitu. Mwishowe nikaambiwa ni makovu yaliyobaki kwenye mapafu. Sasa picha zangu za zamani natembea nazo kwenye bahasha. Daktari mpya akilinganisha ya zamani na ya leo anaona kovu ni lile lile. Wazee, msitupe picha zenu.

Mrina Asali, Kaliua

Asali yetu na tangawizi asubuhi inanisaidia kukohoa. Wengine jaribuni.

Muuguzi Mstaafu, Tabora Mjini

Marahaba kwa walionisalimia. Mrina asali, asali inalainisha koo na kutuliza kikohozi, sikatai. Haifungui njia za hewa zilizobana wala haitoi maji kwenye mapafu, kwa hiyo itumike pembeni ya matibabu.

Mwalimu, ulichoeleza kinaweza kuwa mambo kadhaa, na ndiyo maana jina linachelewa. Pumu inaweza kumwanza mtu hata akiwa mzee. Kuna ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, ambao watu wengi wanaufunga kwenye sigara peke yake, lakini moshi wa kuni na mkaa ndani ya nyumba na vumbi la kazini vinauleta vilevile. Shirika la Afya Duniani linasema ugonjwa huo uliua watu milioni 3.5 duniani mwaka 2021. Kuna moyo, kama alivyosema ndugu wa Ujiji. Kuna makovu ya TB. Kuna upungufu wa damu, ambao kipimo chake ni rahisi na bado unasahaulika. Na mtu mmoja anaweza kuwa na mawili kwa pamoja, hapo ndipo dawa moja inasaidia nusu.

Picha ya kifua na makohozi havitoshi kutambua kubanwa kwa njia za hewa. Kipimo chake ni spirometa, kile cha kupuliza. Unabanwa pua, unavuta hewa mpaka kifua kijae, unapuliza kwa nguvu zako zote na kuendelea mpaka isibaki kitu. Wazee wengi wanakatisha katikati kwa aibu ya kukohoa mbele za watu. Kohoa, pumzika, urudie. Kisha unapewa dawa ya kupanua njia za hewa, unasubiri kama dakika 15, unapuliza tena. Wanaangalia hewa iliyotoka sekunde ya kwanza ni sehemu gani ya hewa yote. Ikiwa chini ya 0.7 hata baada ya dawa, njia zimebana na hazifunguki vizuri. Zahanati hazina mashine hii. Omba rufaa, anzia hospitali ya rufaa ya mkoa, kwenu ni Maweni na kwetu ni Kitete. Wao wakihitaji kukusogeza mbele watakuandikia.

Wakati unasubiri, chukua daftari. Andika saa uliyobanwa, ulikuwa unafanya nini, ulikuwa umelala au umesimama, rangi ya makohozi, miguu imevimba au la, na dawa uliyokunywa ilisaidia kwa muda gani. Daktari ana dakika chache na wewe. Ukisema "nakosa pumzi" anaandika hivyo hivyo. Ukimsomea kwamba mluzi unakuja usiku wa manane na kwenye baridi, lakini unalala chali bila shida, amepata pa kushika.

Wenye pampu: wengi dawa inaishia mdomoni. Chukua chupa ya plastiki ya nusu lita, toboa kitako tundu linalobana mdomo wa pampu, weka mdomo wako upande wa shingo ya chupa, bonyeza, vuta polepole. Inafanya kazi vizuri kabisa.

Na hili msisubiri daftari: pumzi ikikata ghafla, hasa kama mguu mmoja umevimba na unauma, au mtu hawezi kumaliza sentensi, midomo inabadilika rangi, au anachanganyikiwa, ni hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku.

Mwalimu Mstaafu, Kigoma Mjini

Nimesoma yote, mengine nimemsomea mke wangu kwa sauti. Miguu yangu haivimbi na nalala kwa mto mmoja. Ila swali la moshi limenigusa. Utoto wangu wote nilikuwa nachochea pipa la mawese kwa mama, na kwenye ualimu chaki zilikuwa kila siku. Hayo sijawahi kuyataja popote. Nimeshayaandika. Rufaa nimepata, bado tarehe. Dada muuguzi, nina pampu niliyopewa ya kufungua kifua. Siku ya kupuliza niitumie au niiache?

Muuguzi Mstaafu, Tabora Mjini

Kaka mwalimu, uliza siku unayopangiwa tarehe. Pampu ya kufungua haraka kwa kawaida wanakutaka usiitumie saa kadhaa kabla ya kipimo, ili waone hali yako bila dawa. Lakini ukibanwa, itumie, usijitese, kisha waambie umeitumia saa ngapi. Dawa zako nyingine usiziache bila kuambiwa. Kula kidogo, vaa nguo isiyobana kifua wala tumbo, na fika mapema upumzike kwenye benchi kabla hujaitwa.